Mgeni Mwenye Shida Ndiye Aonaye Mengi: Mambrui na Elimu ya Safari (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tulimwacha Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, bandarini Mogadishu, mwaka 1331, akiwatazama vijana wa mji wakija kwa mashua hadi ubavuni mwa chombo chao. Kila kijana alishika sahani ya chakula iliyofunikwa. Akishamkabidhi mfanyabiashara mmoja, husema huyu ni mgeni wangu, na maneno yamekwisha. Tangu hapo mgeni hulala kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye amuuziaye na kumnunulia. Mtu akimpunja mgeni kwenye bei, au akifanya naye biashara mwenyeji asipokuwapo, mauzo hayo hayakuhesabiwa.

Msomaji makini atauliza: huo ni wema au ni udalali? Ni vyote viwili, na sioni aibu yoyote hapo. Wema unaotegemea mtu ameamkaje siku hiyo hauwezi kumfikisha msafiri mbali. Anayetoka Tanja hadi Kilwa anahitaji wema uliokwisha kuwa desturi, ambao hata mwenye hasira huutenda kwa sababu majirani wanamwangalia. Hoja yangu katika mfululizo huu ni hiyo: safari hutuonyesha kwamba watu ni wema, lakini humwonyesha zaidi yule aliyefika akiwa na shida. Aliyefika na nguvu zake huondoka na picha tu.

Leo tushuke Mambrui. Ni mji mdogo kaskazini mwa Malindi, ukishavuka daraja la Sabaki. Mto huo huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukabadilishwa jina njiani kuwa Galana, na unapofika baharini umebeba udongo wa nchi nzima. Msimu wa mvua, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, wageni wa hoteli wakanung'unika. Mambrui wako upande wa pili wa mdomo wa mto, na mchanga wao hung'aa kana kwamba umetiwa unga wa dhahabu.

Hapo kuna kaburi la mnara, la aina inayopatikana pwani yetu kuanzia Somalia hadi Tanzania, na katika ujenzi wake yalipachikwa mabakuli ya kaure ya Kichina. Mwaka 2010 wachimbaji wa mambo ya kale kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Chuo Kikuu cha Peking waliopoa ardhini Mambrui sarafu ya shaba yenye tundu la mraba katikati, iliyotolewa wakati wa mfalme Yongle, aliyetawala China kuanzia 1402 hadi 1424. Magazeti yalichemka. Wengine waliandika kana kwamba wamemwona Zheng He mwenyewe, amiri wa misafara ya Yongle, akinunua samaki ufukweni. Tuwe na subira. Sarafu hutembea mkono kwa mkono, na bakuli laweza kufika kwa jahazi la Mgujarati au la mtu wa Hormuz. Jambo ambalo halina ubishi ni kwamba mnamo 1415 wajumbe wa Malindi walifika kwa Yongle na twiga, na kwamba katika misafara iliyofuata Wachina walifika pwani hii. Tafakari safari ya twiga yule: miezi baharini, mnyama wa futi kumi na kitu, majani ya kulisha, maji ya kunywesha, na kila bandari njiani watu wasiojua lugha yako wakikusaidia kumshusha na kumpandisha.

Mimi hupenda zaidi yale mabakuli. Kitu cha mgeni hakikufichwa sandukuni, kilipachikwa kaburini pa mtu aliyeheshimiwa, palipo wazi, kila apitaye akione. Watu hawafanyi hivyo na kumbukumbu ya waliowaogopa.

Sasa mlinganishe msafiri mwingine. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498 akiwa na mizinga na wasiwasi. Kwa kuhofia njama, aliamuru watu wawili aliowakamata wamwagiwe mafuta ya moto mwilini mpaka wakiri. Akielekea kaskazini aliteka mashua njiani ili apate wa kumwonyesha njia. Malindi sultani alimpokea vizuri, kondoo na matunda yakapelekwa melini, ngoma na tarumbeta zikalia. Bila shaka kulikuwa na hesabu ndani yake, kwa kuwa Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu na adui wa adui yako hupikiwa. Lakini sultani alimwomba zaidi ya mara moja ashuke apumzike nyumbani kwake, naye akakataa. Walikutana juu ya maji, kila mmoja katika chombo chake. Siku tisa merikebu zile zilikaa mbele ya mji, na nahodha mkuu hakuukanyaga. Mwisho alimzuia melini mtu wa karibu wa sultani mpaka rubani wa kumpeleka Calicut aletwe, wakati rubani huyo angepatikana kwa kuombwa tu. Nguzo yake yenye msalaba bado imesimama Malindi, watalii huipiga picha. Mtu aliyekaa siku tisa mbele ya mlango uliokuwa wazi asiingie alijifunza nini kuhusu watu wa ndani?

Nami nitoe ushahidi wangu, mdogo usio na mizinga. Miaka kadhaa iliyopita gari nililopanda kutoka upande wa Garsen lilipasuka gurudumu karibu na Mambrui, magharibi ikikaribia, na la akiba lilikuwa limepasuka tangu jana yake. Abiria tulitawanyika. Mimi nilijisogeza kwenye kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi karai. Hakuniuliza nataka vya shilingi ngapi. Aliniuliza, "Mwanangu, wewe ni mtu wa wapi?" Nikamwambia. "Kwa nani hapo?" Nikataja. "Na mamako je, kwao ni wapi?" Mafuta yanachemka, anageuza viazi kwa kijiko cha matundu, na maswali hayakatiki. Shangazi zangu wote walipita kwenye mizani. Hatimaye ikapatikana: jirani ya shangazi yangu mmoja aliolewa Gongoni, kwa binamu wa marehemu mume wa mama huyu. Uso ukafunguka. "Haa! Basi si mgeni wewe." Akamtuma mjukuu wake akaazime kigoda, akaniwekea viazi kwenye sahani na ukwaju wa pilipili pembeni, akapiga kelele kuelekea msikitini aitwe kijana fulani mwenye pikipiki alipeleke gurudumu kwa fundi. Nilipotoa pesa alinitazama kama niliyemtukana. Lakini sahani ya pili nililipa, na alihesabu chenji yake sawasawa.

Yale maswali ndiyo niliyoyafikiria baadaye. Mgeni kuku mweupe, walisema wahenga, kila mtu anamwona. Mji ulio kwenye njia ya kwenda Lamu, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 na hofu iliyofuata, una kila sababu ya kumhoji mtu asiyejulikana. Mama yule alikuwa analinda mji wake na papo hapo ananitafutia mahali pa kukaa ndani yake. Maswali yalikuwa yale yale. Lau ningekuja na gari langu mwenyewe, lenye kiyoyozi na gurudumu la akiba, asingeniuliza hata moja, ningeondoka na viazi vyangu nikidhani watu wa Mambrui ni wakimya.

Hata hivyo tusipake rangi. Ukarimu wa pwani ulikuwa na mlango, na si kila aliyefika alipitishwa hapo. Ibn Battuta huyo huyo anamsifu sultani wa Kilwa, Abu al-Mawahib, kwa kumvulia fakiri wa Kiyemeni nguo alizokuwa amevaa. Ukisoma mbele utaona nguo zikikombolewa kwa watumwa kumi, na sultani akiongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Ukarimu mkubwa, uliolipwa kwa miili ya watu. Mambrui nayo, karne ya 19, ilizungukwa na mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa walioletwa kutoka kusini, baadhi yao kutoka nchi za Ziwa Nyasa. Msemo wetu unamruhusu mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Hao walipewa jembe siku ya kwanza, na hakuna aliyewauliza mama zao ni wa wapi. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na hadhi ya kisheria ya utumwa katika Kenya ilifutwa 1907. Mwandishi anayesifu ukarimu wa Waswahili akairuka sura hiyo, mimi simwamini hata anapoeleza pilau.

Lakini bara la pwani hii hii lina msafiri ambaye kila nikimfikiria shaka yangu hupungua. Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama mtu mzima, aliwakusanya watu wake mwaka 1913 dhidi ya kodi na kazi za lazima za serikali ya Waingereza. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii, upande mwingine kabisa wa nchi. Januari 1914 walitoroka. Miezi michache baadaye walikuwa wamerudi Ugiriama, na Agosti serikali ikawakamata tena.

Chukua ramani. Kwa barabara za leo, kutoka Kisii hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 800. Njia yoyote utakayochora itapita nchi za watu wasiosema Kigiriama, kwenye bonde la ufa, kwenye nyika isiyo na maji, simba wakiwapo na askari wakiwapo. Wakimbizi wawili, mmoja mwanamke wa makamo, hawana fedha wala hawana barua ya mtu. Mtu havuki nyika ile bila kuonyeshwa kisima, na kisima kina wenyewe. Mkoloni aliyewapeleka Kisii alikuwa amepiga hesabu kwamba umbali na watu wageni ni ukuta tosha. Umbali aliuhesabu sawa, watu hakuwahesabu. Kaburi la Mekatilili liko Bungale, huko huko Magarini ambako Mambrui iko, na kila Agosti Wagiriama humkumbuka kwa ngoma na tambiko.

Simkatazi mtu hoteli. Malindi inaishi kwa watalii, na vijana wengi wa Mambrui hupata riziki yao humo. Ila mtu anayekaa wiki mbili nyuma ya ukuta wa bustani, akarudi kwao na kusema Waafrika ni watu wa tabasamu, ameona mishahara ikitabasamu. Anayetaka kuona zaidi aje Mambrui wakati wa maulidi. Watu huja kutoka Lamu, Mombasa na vijiji vya Sabaki, nyumba hujaa mpaka barazani, na mwenye nyumba hulala alipopata. Vyungu vya pilau hukorogwa na wanaume kwa miiko mirefu kama makasia, na ukisimama karibu na jiko bila kazi utapewa vitunguu umenye, hata kama ni profesa. Usisubiri kukaribishwa mara mbili. Ukiwa na njaa, sema una njaa.

Wiki ijayo tunageuza mambo: Mswahili akiwa ndiye mgeni, tena kwenye theluji. Salim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia mwaka 1896 pamoja na Mjerumani Bumiller, na habari zake alizieleza kwa Kiswahili, zikachapishwa na Carl Velten mwaka 1901. Safari hii kuku mweupe ni mtu mweusi.