Mteja Akiuliza Betri ya Lithiamu kwa Gari Lake, Usikimbilie Kusema "Ipo"

Wadau, leo sina somo la kupiga picha bidhaa wala la kupandisha tangazo. Nina somo la hela iliyonitoka, ili ya kwako isitoke.

Nauza betri mtandaoni: za magari, za sola, na vikorokoro vyake. Mwaka jana niliingiza betri za lithiamu za volti 12, Ah 100. Watu wa sola walizipenda sana. Nami kwa tamaa ya kupanua soko nikaandika kwenye tangazo: "Inafaa sola, boti na gari lolote la volti 12." Hilo "gari lolote" ndilo lililoniponza.

Mteja mmoja wa Morogoro, ana Noah ya abiria, akaipenda. Akalipa yote, nikaupakia mzigo kwenye basi, akafunga jioni ile ile. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri simu inaita.

"Kaka, betri yako vipi? Taa za dashibodi zinawaka vizuri, nikigusa stata tu, kila kitu kinazima. Abiria wangu wameshashuka wamepanda gari nyingine."

Nikamwambia akaze nyaya, huenda zimelegea. Akakaza. Wapi! Siku ile hakufanya kazi. Nikamrudishia hela yake yote pamoja na gharama ya basi, kwenda na kurudi. Betri ilipofika Dar nikaipeleka kwa fundi umeme wa magari nikiwa na hasira na aliyeniuzia. Fundi akapima, akacheka: "Mbona betri nzima hii? Volti 13.3. Wewe ndiye uliyemuuzia mtu jembe akakatie nyama."

Nikakaa kitako anifundishe. Nilichojifunza ndicho hiki.

Stata ya gari inavuta umeme mwingi sana kwa sekunde chache: ampea 150, 200, na kwenye injini kubwa za dizeli zaidi ya hapo. Betri ya risasi, hii ya kawaida tunayoijua, imeundwa kwa kazi hiyo ya kutoa nguvu nyingi kwa mpigo. Betri ya lithiamu ya sola ina saketi ya ulinzi ndani yake, mafundi wanaiita BMS. Ya kwangu ilikuwa na kikomo cha ampea 100. Stata ilipodai zaidi, saketi ikakata umeme ili kulinda betri. Yaani betri ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Kilichokuwa kibovu ni tangazo langu.

Sasa swali ambalo wateja wanatuuliza kila siku: je, hizi betri mpya zinaweza kuchukua nafasi ya betri za kawaida za gari?

Kwenye sola, zimeshaanza kuichukua, na kwa haki. Betri ya risasi ukiitumia zaidi ya nusu ya chaji yake mara kwa mara, unaiua mapema. Lithiamu aina ya chuma na fosfeti, ile inayoandikwa LiFePO4, unaitumia hata asilimia 80 na bado inadumu kwa mizunguko 2,000 na zaidi ya kuchaji na kutumia. Ni nyepesi pia: Ah 100 ya lithiamu ina kilo kumi na kitu, ya risasi inaweza kufika 25 mpaka 30.

Kwenye kuwasha gari, mambo hayaendi haraka hivyo. Betri ya risasi aliibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na mpaka leo iko chini ya boneti. Kampuni kubwa zimejaribu kuiondoa. Porsche ilianza kuuza betri ya lithiamu ya kuwashia mwaka 2010 kwa magari yake ya michezo. Ilikuwa na uzito chini ya kilo 6, lakini mteja alipewa na betri ya kawaida pembeni kwa ajili ya siku za baridi kali. Tesla iliweka lithiamu badala ya betri ndogo ya risasi kwenye Model S ya mwaka 2021, ila gari zima lilitengenezwa liendane nayo. Na Nissan Leaf, gari linalotembea kwa umeme mtupu, limekuwa likibeba betri ndogo ya risasi ya volti 12 kwa ajili ya taa, milango na kompyuta. Nayo CATL ya China ilitangaza mwaka 2025 betri ya sodiamu ya volti 24 ya kuwashia malori makubwa. Kwa hiyo mabadiliko yanakuja, lakini yanakuja kwa betri iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, siyo kwa kuchukua ya sola na kuifunga kwenye Noah.

Kuna sababu nyingine. Lithiamu inapokea chaji kwa pupa, na alternata ya gari la zamani inaweza kuzidiwa ikapata moto. BMS ikikata gari likiwa linatembea, umeme unaruka ghafla na unaweza kuunguza vifaa. Joto la karibu na injini nalo si rafiki. Halafu kuna bei.

Basi, wewe muuzaji mwenzangu, fanya hivi:

1. Uliza kazi kabla ya kutaja bei. "Boss, betri unaifanyia nini? Sola, au kuwasha gari?" Akisema kuwasha gari, muulize gari gani na lina betri ya namba gani sasa. Mwombe picha ya betri ya zamani, utaona ukubwa na upande wa nyaya.

2. Soma ampea, usisome Ah peke yake. Ah inaeleza umeme uliohifadhiwa. Betri ya kuwashia huandikwa pia CCA, yaani ampea inazoweza kutoa wakati wa kuwasha kwenye baridi. Lithiamu isiyo na namba hiyo, na muuzaji hawezi kukueleza kikomo cha BMS, usiiuze kwa gari.

3. Pima kwenye mzani. Lithiamu ya Ah 100 ya volti 12 yenye kilo 4 ni uongo wa lebo. Seli zake nne peke yake zinakaribia kilo 8.

4. Panga usafiri mapema. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafiri peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria. Anayekuahidi kukuletea hivyo anakuweka wewe na mzigo wako hatarini. Betri ya maji nayo isimamishwe wima kwenye basi. Ikilala, asidi inamwagika kwenye mizigo ya watu na wewe ndiye utakayelipa.

5. Chukua betri chakavu ya risasi, mpunguzie mteja bei, kisha iuze kwa mnunuzi mwenye kibali. Usimpe anayeyeyusha uani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliumizwa na sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, na Phyllis Omido aliyewapigania alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Faida ya betri moja isifike huko.

6. Andika tangazo lenye mipaka. Langu sasa linasema: "Ya sola na invata. HAIFAI kuwashia gari." Niliogopa kwamba neno "haifai" litanifukuzia wateja. Kumbe linawaleta, kwa sababu mtu akiona umemwambia kisichofaa, anakuamini unapomwambia kinachofaa.

Yule ndugu wa Morogoro nilimtafutia betri ya kawaida ya risasi ya gari lake, nikamtumia kwa bei niliyonunulia. Miezi mitatu baadaye akanipigia tena. Nikajua yamekuwa mengine. "Kaka," akaniambia, "nyumbani umeme unasumbua, nataka kufunga sola. Ile betri yako iliyonigomea bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Ndiyo inayowasha taa zake mpaka leo.