Hofu ya Kuingia la Saba

Mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, mtoto wa darasa la sita hufanya kwanza ENAFEP, mtihani wa taifa ambao wazazi wengi bado wanauita TENAFEP. Matokeo yakiwa mazuri, nyumba nzima hushangilia. Septemba ikikaribia, mtoto yuleyule huanza kulalamika tumbo linamuuma, usingizi unampotea, anawakaripia wadogo zake bila sababu. Wakubwa husema anadeka. Wanasayansi waliochunguza umri huu wana maelezo mengine.

Binadamu husumbuliwa na asichokijua kuliko hata baya analolijua. Mwaka 2016, watafiti wa University College London waliwapa watu 45 mchezo wa kompyuta: kisia kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akitokea, mkono ulipigwa umeme kidogo. Vipimo vya jasho na mboni za macho vilionyesha kwamba aliyejua kwa hakika kuwa atapigwa alikuwa ametulia kuliko aliyebaki nusu kwa nusu.

Mtoto anayeingia sekondari yuko katika hali hiyo ya nusu kwa nusu, kutwa nzima. Shule ya msingi alikuwa na mwalimu mmoja, aliyejua nani hajala na nani amefiwa. La saba, kila saa inaingia sura mpya. Darasa linasimama, linasalimia kwa Kifaransa, ubao unajaa aljebra. Kengele ikilia anaingia wa jeometri, kisha wa Kiingereza. Aliyezoea kuelezwa kwa Kiswahili anapokwama anaanza kupanga swali lake kwa Kifaransa kichwani, na kabla sentensi haijakamilika ubao umeshafutwa. Hata mkuu wa shule si direkta tena, ni prefe.

Wasiwasi huo una njia yake mwilini. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya kotisoli. Ikiwa kidogo, humwamsha mtu na kumtayarisha. Ikizidi, hudhoofisha kumbukumbu ya papo kwa papo, ileile inayoshika hatua za hesabu mpaka jibu lipatikane. Kwa hiyo buletini ya kwanza, yaani ripoti ya alama, ikiwa mbaya huenda ikawa inapima hofu kuliko akili.

Wakati huohuo balehe inabisha hodi. Mwanasaikolojia wa Marekani Jacquelynne Eccles na wenzake wameonyesha kwamba katika umri huu mtoto anataka kusikilizwa zaidi na kuwa karibu na mtu mzima anayemwamini, lakini shule mpya humletea amri nyingi na walimu walio mbali naye. Roberta Simmons na Dale Blyth, waliowafuatilia wanafunzi wa mji wa Milwaukee na kuchapisha kitabu mwaka 1987, waligundua kwamba wanaoumia zaidi ni wale wanaoangukiwa na mabadiliko kadhaa kwa mpigo: shule, mwili, makazi, familia.

Bunia mabadiliko hayo huja yamefungwa mzigo mmoja. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ilihusu shule ya msingi. Anayeingia sekondari anawasikia wazazi usiku wakihesabu minervali, yaani ada ya shule. Na tangu vita vilipowaka upya katika eneo jirani la Djugu mwishoni mwa 2017, familia nyingi zimekimbilia mjini, nyingine zikaishia kambi ya Kigonze. Mtoto wa huko alishabadilisha nyumba, marafiki na njia ya kwenda shule kabla ya kubadilisha darasa.

Mzigo unaweza kupunguzwa. Njia moja ni kumwacha mtoto wa la saba mahali alipozoea. Sheria ya elimu ya Kongo ya 2014 inaihesabu miaka minane, sita ya msingi na miwili inayofuata, kuwa elimu moja ya msingi, ingawa mtoto bado anahamia sekondari baada ya sita. Kenya, ilipoanzisha darasa la saba la mfumo mpya Januari 2023, iliamua kuwaacha watoto hao katika viwanja vya shule za msingi.

Lakini hata la saba likibaki sekondari kuna dawa. Mwaka 2019, Geoffrey Borman na wenzake walichapisha jaribio walilofanya katika shule 11 za Madison, Marekani, kwa wanafunzi zaidi ya 1,300. Watoto walisoma maneno ya waliowatangulia: nasi tuliogopa, kisha tukazoea, tukapata marafiki. Halafu wakaandika mawazo yao wenyewe. Utoro, makosa ya nidhamu na alama za kushindwa vilipungua. Kilichotumika ni karatasi, kalamu na dakika chache.

Hilo shule yoyote ya Bunia inaliweza. Prefe awaombe wanafunzi wa la nane waandike ukurasa mmoja kila mmoja, kwa Kiswahili au Kifaransa, na kurasa hizo zisomwe la saba wiki ya kwanza. Mzazi ampeleke mtoto Agosti akaone lango, darasa na choo, akutane na angalau mwalimu mmoja. Na kama minervali haijatimia, aambiwe ukweli: kiasi gani kipo, kilichobaki kitatoka wapi. Mtoto hahitaji kuahidiwa kwamba sekondari ni rahisi. Anahitaji kujua ilivyo, na kwamba aliyeogopa kabla yake alifika.