Kupendwa na Kujulikana: Vijana Mbele ya Hesabu za Mitandao

Katika Kiswahili, kupendwa ni jambo moja na kujulikana ni jambo lingine. Mtu aweza kuwa maarufu bila kupendwa, tena aweza kupendwa na wenzake bila sifa yoyote kubwa. Mitandao ya kijamii imeyachanganya mambo hayo mawili, na wanaoumizwa zaidi na mchanganyiko huo ni vijana wa shule. Makala hii inakusudia kueleza sababu yake.

Tofauti yenyewe ilichunguzwa zamani. Mwaka 1934, nchini Marekani, daktari wa akili Jacob Moreno alichapisha kitabu kuhusu namna ya kupima uhusiano wa watu katika kikundi. Wanafunzi waliulizwa wangependa kuketi karibu na nani darasani. Aliyetajwa na wengi alihesabiwa kuwa anapendwa. Mwaka 1998, Jennifer Parkhurst na Andrea Hopmeyer, huko huko Marekani, waliwauliza vijana maswali mawili: nani mnampenda, na nani ni maarufu? Majibu hayakulingana. Wengi wa waliotajwa kuwa maarufu hawakuwa miongoni mwa wapendwao sana. Wenzao waliwaona kuwa watu wa kutawala kundi. Waliopendwa walisifiwa kwa wema na uaminifu.

Facebook ilipoanzisha alama ya kupenda mwaka 2009, mambo hayo mawili yalitiwa chini ya jina moja. Alama inaitwa ya kupenda, lakini kinachoonekana mbele ya watu wote ni idadi, na idadi ni kipimo cha kujulikana. Zamani sifa ya kijana ilisemwa, ikabadilika, ikasahauliwa. Sasa inakaa chini ya picha yake kwa tarakimu, na kila mwenzake huisoma.

Tarakimu hiyo ina nguvu yake. Mwaka 2016, Lauren Sherman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitangaza matokeo ya jaribio ambamo vijana walionyeshwa picha huku ubongo wao ukipimwa. Idadi ya alama ilikuwa imepangwa na watafiti wenyewe. Picha ile ile ilipoonyeshwa na alama nyingi, vijana walielekea zaidi kuipenda kuliko ilipoonyeshwa na alama chache. Na kijana alipoona picha yake mwenyewe imepata alama nyingi, sehemu ya ubongo inayohusika na furaha ya kutuzwa iliamka zaidi. Wahenga walisema chema chajiuza. Katika soko hili, bei iliyobandikwa ndiyo inayokifanya kitu kionekane chema.

Tangu mwezi wa Mei 2021, watumiaji wa Instagram na Facebook wanaweza kuificha idadi hiyo. Lakini kuificha ni hiari, na ni vigumu kwa kijana kuacha mashindano ambayo wenzake wote wangali wakiyaendesha.

Sarufi yetu inatusaidia kuona kinachokosekana. Kupendwa ni kauli ya kutendwa: mtu hupokea tu, hata kutoka kwa wasiomjua. Kupendana ni kauli ya kutendana, nayo inahitaji watu wanaojuana. Hakuna kitufe kinachoihesabu. Kwa hiyo mwalimu akimwona mwanafunzi amenyong’onyea kwa ajili ya alama chache, asimwambie kwamba ni upuuzi, maana kwake si upuuzi. Afadhali amwulize swali la Moreno, yaani angependa kuketi karibu na nani, kisha awaketishe pamoja.