Spika mpya za studio: Nani analipa gharama ya kungoja?

KILA Januari, mahindi ya Kalenga yakiwa yanafika magotini, watengenezaji wa vifaa vya muziki duniani hukusanyika Anaheim, California, katika maonyesho ya NAMM na kutangaza mali wanayokusudia kuuza mwaka huo. Mwaka 2022 maonyesho hayo yalisogezwa hadi Juni na mwaka 2023 hadi Aprili, lakini tangu 2024 yamerudi Januari. Mara nyingi hazikosekani spika ndogo za studio, zile zenye wufa ya inchi tatu hadi tano ambazo mafundi wanaziita monita. Picha zake hufika Iringa na Mbeya siku hiyo hiyo kwa simu. Mali yenyewe haifiki.

Katika kipindi hicho, picha ikiwa imefika na mali bado, kuna fedha zinazopotea na nyingine zinazopatikana. Wiki hii safu hii inawaangalia watu wawili: mwenye studio ndogo anayesubiri kununua, na mwenye duka aliyebaki na mzigo wa toleo la zamani.

Kwanza tuelewane kuhusu bidhaa. Monita si sabufa. Sabufa ya nyumbani hutengenezwa ili muziki upendeze: besi huongezwa, na makosa ya aliyerekodi hufichwa. Monita hutengenezwa ili makosa hayo yasikike mapema, kabla wimbo haujafika redioni. Prodyuza anayechanganya sauti kwa kutumia sabufa hudhani besi imetosha, kumbe ni spika yake inayomdanganya. Wimbo ukipigwa kwenye basi la kwenda Makambako unasikika umekauka. Ndiyo maana hata mwenye mtaji mdogo huitafuta monita kabla ya kununua kompyuta ya pili.

Udogo nao si kasoro kwa mazingira yetu. Shirika la BBC la Uingereza lilitengeneza spika yake ndogo ya LS3/5A miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo nje ya studio, ambamo nafasi ni finyu. Chumba cha matofali ya kuchoma chenye mita tatu kwa tatu kina shida inayofanana na hiyo. Wimbi moja la sauti nzito ya mtetemo wa 40 kwa sekunde lina urefu wa zaidi ya mita nane. Ukiingiza spika ya inchi nane katika chumba kama hicho, besi inarundikana pembeni na fundi hajui tena anasikia spika au ukuta. Spika ya inchi tano, ikikaa mbali kidogo na ukuta na mablanketi mazito ya Iringa yakiwa yametundikwa nyuma ya fundi, hutoa kazi safi zaidi.

Sasa tumchukue kijana wa Kalenga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Tuseme kikoba chake kimevunjwa Desemba, kama ilivyo desturi ya vikundi vingi, na mkononi ana sh. 800,000. Duka la mjini linauza jozi ya monita ya toleo lililopo. Anaambiwa na rafiki zake: usinunue, Januari linatoka jipya, hili litashuka bei. Ushauri huo unasikika wa busara, nasi hatusemi ni wa kijinga. Lakini uhesabiwe.

Tangazo la Januari halina maana kwamba mali iko sokoni Januari. Kinachoonyeshwa mara nyingi ni sampuli. Viwanda huanza kupakia baadaye, na masoko makubwa ya Marekani, Ulaya na Japani huhudumiwa kwanza. Halafu mzigo unafika kwa wauzaji wa jumla wa Dubai au Guangzhou, ndipo mfanyabiashara wa Kariakoo anapoagiza. Meli kutoka China hadi Dar es Salaam huchukua mwezi hivi, ukiacha siku za bandarini, na baada ya hapo kuna karibu kilomita 500 za barabara hadi Iringa. Mwenye duka Mwanjelwa, Mbeya, aongeze nyingine zaidi ya 300.

Hapo ni pale ambapo mambo yanakwenda sawa. Oktoba 2020 kiwanda cha kampuni ya AKM huko Nobeoka, Japani, kiliungua moto. Kilikuwa kinatengeneza vipande vidogo vya elektroniki vinavyogeuza sauti kuwa tarakimu na tarakimu kuwa sauti, na watengenezaji kadhaa wa vifaa vya sauti walilazimika kuchora upya bidhaa zao ili watumie vipande vya kampuni nyingine. Aliyekuwa anangoja toleo jipya mwaka ule alingoja pia mafundi wa Japani, ingawa hakulijua jina la mji wao.

Kalenga yenyewe inazijua ahadi zenye tarehe. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mtwa Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika, nao ulianza Januari 1920. Fuvu lilifika Kalenga Juni 1954, na lililetwa na Gavana Edward Twining. Hatulinganishi jambo zito kama hilo na biashara ya spika. Tunakumbusha tu kwamba aliyeandika tarehe huwa si yeye anayekaa kungoja.

Turudi kwenye sh. 800,000 za kijana wetu. Zikikaa mfukoni kuanzia Desemba, zinakutana na ada za shule Januari na mbolea ya kukuzia mahindi muda mfupi baadaye. Msomaji anayeishi Nyanda za Juu Kusini hahitaji kuelezwa zaidi. Fedha ya spika ambayo haijawa spika ni fedha ya familia nzima, na kila mwenye shida ana haki ya kuigonga hodi.

Kisha kuna dola. Mapema mwaka 2023 dola moja ilikuwa karibu sh. 2,330. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita sh. 2,600. Chukua jozi ya monita ya dola 300 kwa mfano tu: mapema 2023 ni sh. 699,000, na katikati ya 2024 kwa sh. 2,600 ni sh. 780,000. Tofauti ni sh. 81,000 kabla ya kufika forodhani, ambako ushuru na VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya thamani yenye nauli na bima ndani yake, hivyo dola ikipanda kodi nayo inapanda. Aliyengoja toleo la zamani lishuke bei kwa asilimia kumi alikuta punguzo lote limemezwa na dola. Ni kweli kwamba upepo uligeuka: Desemba 2024 dola ilishuka hadi karibu sh. 2,400, na aliyengoja nusu ya pili ya mwaka huo alifaidi sh. 60,000 kwa jozi hiyo hiyo. Lakini hiyo ni faida ya fedha za kigeni. Anayengoja spika ajue kwamba anacheza pia mchezo wa dola, apende asipende.

Gharama kubwa kuliko zote haiandikwi kwenye risiti, nayo ni kazi ambayo haikufanyika. Tuweke makadirio ya kujifunzia. Januari hadi Mei Kalenga ni shamba. Wateja wa studio ni wachache, ukiacha kwaya zinazojiandaa na Pasaka. Tuseme wimbo mmoja kwa wiki, na faida ya sh. 30,000 baada ya umeme na nauli. Wiki 20 ni sh. 600,000. Kuanzia Juni mahindi yanavunwa, fedha inaingia, harusi zinapangwa, vijana wanataka kurekodi. Tuseme nyimbo tatu kwa wiki na faida ya sh. 100,000. Kungoja wiki nane tu katika kipindi hiki ni sh. 800,000, yaani bei ya spika zenyewe.

Kwa hiyo kungoja Februari na kungoja Julai ni vitu viwili tofauti, hata kama siku zinalingana. Maoni ya safu hii ni kwamba mwenye studio ajiwekee mwisho wa Mei. Kama hadi wakati huo toleo jipya halijaonekana kwenye rafu za Kariakoo, si kwenye picha, anunue la zamani na afanye kazi. Na kama hana spika kabisa, hata Mei ni mbali.

Anayefaidika kwa kungoja ni yule ambaye tayari ana monita zinazofanya kazi. Huyo kila mwezi anaoingoja anaendelea kuingiza, na toleo jipya likitoka anachagua: anunue jipya, au achukue la zamani kwa bei ya kutupa. Kwake subira hailipiwi chochote.

Anayemlipia ni mwenye duka. Katika biashara ya kompyuta kuna mkasa unaosimuliwa mpaka leo. Kampuni ya Osborne ya Marekani ilitoa kompyuta yake ya kubebeka mwaka 1981 na ikauza sana. Mapema 1983 ikaanza kuitangaza nyingine, iitwayo Executive. Wateja wakaacha kununua ya kwanza wakingoja ya pili, na Septemba mwaka huo huo kampuni ilikuwa imefilisika. Wapo wanaosema kulikuwa na sababu nyingine pia, kama ushindani na uendeshaji mbovu, na huenda ni kweli. Hata hivyo muuzaji yeyote wa rejareja anaitambua hali hiyo: mzigo ni mzima, haujaharibika, na hauna mnunuzi kwa sababu ya picha.

Mwenye duka ana nafasi ya kuliona jambo hili mapema, maana matoleo yana mwendo wake. Chukua Rokit za KRK, zile zenye koni ya njano. Toleo la tatu lilikuja 2013, la nne 2019, la tano 2024. Ni miaka sita, halafu mitano. Hapo katikati, Mei 2018, kampuni mama ya Gibson iliomba ulinzi wa mahakama nchini Marekani kwa sababu ya madeni, na bado toleo la nne likafuata. JBL walitoa 305P MkII mwaka 2018. Yamaha walitoa HS5 mwaka 2013, na miaka kumi baadaye wakaongeza ndugu zake wadogo, HS3 na HS4, bila kuiondoa HS5 sokoni. Ukiona toleo limefika mwaka wa nne, usiagize jozi ishirini Novemba. Agiza nne, uziuze, uagize tena. Faida kwa jozi itapungua kidogo kwa kuwa umenunua chache, lakini hutalala na mzigo Januari. Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu kanuni za 2025 zilipokataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni: bei unaitaja kwa shilingi, na dola ikisogea mzigo ukiwa dukani, ni juu yako.

Wala si kila toleo la zamani hufa. Yamaha NS-10 ilitolewa 1978 kama spika ya sebuleni na huko haikupendwa. Mafundi wa studio wakaichukua kwa sababu ilikuwa haifichi kitu, na koni zake nyeupe zikaonekana katika studio za dunia nzima. Mwaka 2001 ilisimamishwa, kwa kuwa malighafi ya koni hizo haikupatikana tena. Hadi leo inatafutwa ikiwa mtumba, na watu wanailipia vizuri, kwa kuwa masikio yao yameizoea. Prodyuza aliyezoea spika yake miaka mitatu anajua besi ikisikika hivi kwake, itasikika vile kwenye redio. Akiibadilisha anaanza kujifunza upya, na wiki hizo za kujifunza nazo ni za kulipia.

Ufundi pia uingie kwenye hesabu. Monita za zamani zilizotumia amplifaya ya pembeni, fundi wa Iringa mjini anazifungua na kuzitengeneza. Nyingi za kisasa zina amplifaya na kompyuta ndogo ndani, vyote kwenye bodi. Bodi ikiungua kwa umeme uliopanda ghafla, mara nyingi dawa ni bodi nyingine, na ya toleo lililotoka juzi haitakuwapo nchini. Anayenunua jipya la kwanza kabisa aweke fedha ya kidhibiti umeme katika bajeti ile ile.

Kwa wanaoletewa na ndugu kutoka ng'ambo: umeme wa Marekani ni volti 120 na wa kwetu ni 230. Baadhi ya spika hupokea zote mbili zenyewe, nyingine zina swichi nyuma, nyingine hazina kabisa. Zinazouzwa Dubai kwa ajili ya soko la huko hazina tatizo hilo, na hata plagi yake ya pini tatu bapa ni kama yetu. Msomaji asome maandishi ya nyuma ya spika kabla hajatuma fedha, na amwombe muuzaji picha ya sehemu hiyo, si ya koni ya mbele.

Wenye maduka waliobaki na jozi za toleo lililopita wanashauriwa wasisubiri jipya lifike ndipo washushe bei. Washushe sasa, wakati anayengoja bado hana kitu mkononi, na wazipeleke kwa kwaya na vituo vya vijana ambavyo havijui wala havijali mwaka wa toleo. Jozi moja ikifanyiwa majaribio mbele ya mwalimu wa kwaya, kwa wimbo walioimba wenyewe, huuza kuliko punguzo lililobandikwa dirishani.