Pambo la Mninga kwenye Ukuta wa Nje

Katubuka, mjini Kigoma, mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili; Juni hadi Septemba ni jua na vumbi. Pambo la mbao lililokerezwa kwa mashine, lile duara lenye mifereji, likitundikwa nje huumia kuliko ubao wa mlango ulio pembeni yake, na chanzo ni umbo lake.

Mti hupandisha maji kwa mirija midogo inayofuata urefu wa shina. Ubao ulionyooka huonyesha ubavu wa mirija hiyo. Duara, kwa kuwa ni duara, huikata katika sehemu mbili za ukingo zinazotazamana na kuiacha midomo yake wazi, na hapo maji huingia kwa kasi kubwa zaidi. Ukiona pambo limeanza kuoza, tazama kwanza hizo sehemu mbili.

Kisha kuna kusinyaa. Unyevu wa mbao ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, mbao huanza kupungua, na haipungui sawa pande zote: kufuata pete za ukuaji hupungua karibu mara mbili ya inavyopungua kutoka kiini kwenda gome. Duara lililokerezwa bichi hugeuka yai. Kipande cha shina zima, chenye kiini katikati, hakina pa kuponea, lazima kipasuke. Ndiyo maana mafundi wazuri hukereza mara mbili: kwanza kwa unene wa kutosha, kisha wanaliacha duara kivulini miezi kadhaa kabla ya kulimalizia.

Mti wenyewe una neno kubwa hapa. Mwembe, uliojaa Ujiji, unakerezeka vizuri lakini nje hauchelewi kuoza. Mninga husinyaa kidogo sana, na moyo wake una kemikali zinazowachukiza kuvu. Ndugu yake mkurungu umevunwa mno hata ukaingizwa mwaka 2019 katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2022 mininga mingine ya Afrika ikafuata. Kwa hiyo naona si haki kuangusha mti kwa ajili ya pambo. Masalia ya karakana za samani yanatosha.

Kupaka ndiko kunakowapotosha wengi. Kigoma ni nchi ya mawese, na mkono huyakimbilia. Mafuta ya kitani hukauka kwa sababu molekuli zake zina viungo vingi vinavyonasa oksijeni na kushikana, mpaka utando mgumu unatokea. Mawese, ambayo karibu nusu yake ni mafuta yasiyo na viungo hivyo, hubaki mafuta: yananata, yanabeba vumbi, na wekundu wake wa karotini unafutwa na jua.

Vanishi isiyo na rangi nayo ina udhaifu wake. Mwanga unaipenya na kuvunja lignini, gundi asilia ya mbao, iliyo chini yake. Vanishi inakosa pa kushika, inabanduka. Mbao isiyopakwa kitu huwa ya kijivu tu, na ukijivu huo si uozo, maana mionzi ya urujuanimno haizami hata sehemu ya kumi ya milimita. Mimi ningeuacha mninga uwe wa kijivu. Asiyeupenda atumie mafuta yenye rangi ndani yake, na ayarudie kila yanapofifia.

Uozo wenyewe unahitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi. Basi mifereji ikatwe kwa mteremko ili isituamishe maji, pambo liachwe nafasi ya kidole nyuma ili hewa ipite, na skurubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Ukuta unaotazama kusini ndio bora. Katubuka iko nyuzi 5 hivi kusini mwa Ikweta: wakati wote wa kiangazi jua la mchana hupita upande wa kaskazini na kuuacha ukuta huo kivulini, na kuanzia Oktoba hurudi kusini, tayari kuikausha mbao kila mvua inapokatika, hadi mapema Machi.