Shahidi wa Moto Mkali Kuliko Wote

Ukishuka kituo cha metro cha Sanyuanli, Guangzhou, mahali wafanyabiashara wetu wanapofuata mikoba ya jumla, tafuta kwenye mabango herufi ya Kichina yenye mistari miwili tu: 丁. Ni jina la ukoo, na ndilo jina la mwanafizikia Samuel Ting. Mwaka 1974 kundi lake liligundua chembe mpya, likaiita J, herufi inayofanana mno na hiyo. Burton Richter aliigundua wakati huohuo, akaiita psi. Wakapewa Nobeli pamoja, 1976. Ndani ya chembe hiyo, sasa J/psi, mna kwaki ya aina ya chamu na kinyume chake.

Sasa rekodi ya joto. Joto kubwa kuliko lote lililowahi kutengenezwa na binadamu lilitangazwa na jaribio la ALICE, katika maabara ya CERN, mwaka 2012: nyuzi trilioni 5.5 hivi, baada ya kugonganisha viini vya risasi. Kitovu cha Jua kina milioni 15. Katika joto hilo la ALICE protoni na nyutroni huyeyuka kuwa plazima ya kwaki na gluoni, kimiminika kinachotiririka kwa wepesi usio na mfano. Mwaka 2017 wanasayansi wa jaribio la STAR, katika maabara ya Brookhaven, Marekani, waliona pia kuwa hakuna kimiminika kilichopimwa kinachojizungusha kwa kasi kama hicho.

Nishani yangu, hata hivyo, naipa chembe nyingine yenye chamu, mesoni D. Kwaki chamu ni nzito, hivyo huzaliwa katika pigo la kwanza kabisa, kabla plazima haijatanda. Hupita moto wote, kisha hushikamana na kinyume cha kwaki nyepesi na kuwa D, shahidi aliyekuwepo tangu mwanzo. Ushahidi wake ni mzito: D zenye nguvu kubwa hupungua hadi kama moja ya tano ya zilizotarajiwa, na zile za polepole husombwa na mkondo kama magogo mtoni wakati wa mafuriko.

Mshangao mkubwa kuliko yote ni wa J/psi yenyewe. Mwaka 1986 wanafizikia Matsui na Satz walitabiri kuwa ingeyeyuka ndani ya plazima. Iliyeyuka kweli, lakini CERN, penye joto zaidi, J/psi zilisalia nyingi kuliko Brookhaven. Huko CERN chamu huzaliwa kwa wingi hata zilizotengana hupata wenza wapya moto unapopoa.

Hayo ni ya joto. Kuhusu maada iliyoshindiliwa sana, nadharia zinasema uzito wa D hubadilika humo, lakini hakuna aliyewahi kuupima. Rekodi ya kuupima bado haina mwenyewe.