Kenya: Kwa nini mtoto wa farasi hupimwa kila mwezi

Watazamaji wanaofika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, jijini Nairobi, hushuhudia dakika chache tu za kasi. Lakini uimara wa miguu inayowafurahisha hujengwa shambani, katika miaka miwili ya mwanzo ya maisha ya mnyama huyo.

Mtoto wa farasi wa mbio huzaliwa akiwa na kilo 50 hivi, takriban sehemu moja ya kumi ya uzito atakaokuwa nao ukubwani. Katika mwezi wa kwanza huweza kuongeza kilo moja na nusu kila siku. Afikapo miezi 6, kimo chake huwa kimepita asilimia 80 ya kimo cha ukubwani, ilhali uzito bado haujafika nusu.

Kwa sababu hiyo, mfugaji makini humpima kila mwezi: uzito kwa mizani, kimo kutoka ardhini hadi juu ya mabega, na mzunguko wa kifua kwa utepe. Vipimo huandikwa na kuchorwa kama mstari. Kinachotakiwa ni mstari unaopanda taratibu bila kuruka.

Kipindi cha hatari ni pale anapoachishwa kunyonya, aghalabu akiwa na miezi 6. Ukuaji hupungua, naye mwenye mali, akiziona mbavu, humzidishia nafaka. Uzito hupanda ghafla, na gegedu ya mwisho wa mifupa, ambayo bado haijakomaa, hulemewa. Dalili zake ni uvimbe juu ya goti, viungo kujaa maji, au kuchechemea.

Pumba nazo zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, ilhali mifupa huhitaji kalsiamu izidi fosforasi. Upungufu wa madini ya shaba pia huidhoofisha gegedu. Dalili zikionekana, nafaka hupunguzwa, majani na madini ya kutosha huendelea, na daktari wa mifugo huitwa mapema.

Tatizo ni kwamba mnunuzi huvutiwa na mnyama mnono, hivyo muuzaji hushawishika kumnenepesha. Sehemu ya ukuaji iliyo juu ya goti la mbele hukomaa akiwa na takriban miaka 2, umri ambao nchi nyingi huruhusu farasi kuanza kushindana. Kosa la shambani hudhihirika wakati huo, na huenda lisirekebishike tena.